PICHA INANG'AA, LAKINI VUMBI LA DODOMA SI MCHEZO

Msomaji wangu, kama hujafika Dodoma usidhani watu wa huku wanakaa tu kungoja Bunge lianze. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, vijana wanapiga pamba si utani.

Ukitaka kujua pamba hizo zinaanzia wapi, zungukia mafundi cherehani. Ukutani utakuta picha: kurasa zilizochanwa kwenye majarida, kalenda na mabango ya mishono ya vitenge. Simu nayo imeingia, lakini picha ya ukutani bado ina heshima yake. Mteja hajisumbui kueleza, ananyoosha kidole tu: "Fundi, nataka kama huu."

Kwa nini picha ya tangazo inatunasa hivyo? Itazame vizuri. Maneno ni machache, pengine jina la kampuni tu. Nyuma kweupe, ili jicho lisipate pa kukimbilia. Taa imepigwa kutoka ubavuni, kila mkunjo wa kitambaa unaonekana. Mrembo mwenyewe hacheki wala hakuangalii. Anatazama mbali kama mtu asiyedaiwa kodi ya nyumba. Unachotamani hapo ni yale maisha. Nguo ni tiketi tu.

Sasa sikia siri ya kazi hiyo. Gauni linaloonekana limemkaa mrembo kama ngozi, mara nyingi mgongoni limebanwa kwa pini na vibanio. Linatakiwa kupendeza kwa sekunde moja tu, kamera ikilia basi. Wewe dada yangu utalivaa harusini, utakaa, utakula pilau, utacheza mpaka usiku. Halafu hapa ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi baridi inauma, na kiangazi upepo unakuja na vumbi lake. Hariri nyeupe ya kwenye jarida itafika ukumbini ikiwa na rangi ya udongo.

Ndiyo maana ugomvi wa fundi na mteja hauishi. Mteja amelipia picha, fundi ameshona nguo, na pesa ya kitambaa imekwenda.

Wenzetu waliotamba kwenye kurasa hizo hawakuiga. Iman, Msomali aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alionwa na mpiga picha Peter Beard mwaka 1975, akaenda kutikisa New York. Flaviana Matata wetu alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico mwaka 2007 na kipara chake, akaingia kumi bora. Kila mmoja alikwenda na sura yake.

Hata Wagogo, wenyeji wa hapa, hawakungoja jarida liwafundishe. Tazama shanga zao kwenye ngoma: rangi zinaonekana toka mbali kwenye jua kali, bila taa ya studio.

Kwa hiyo picha ipende, ibandike hata chumbani. Ila kabla hujatoa kianzio, mwambie fundi utaivaa wapi na utafanya nini ukiwa umeivaa. Kisha muulize swali moja: mgongoni patakuwaje? Tangazo linakuonyesha mbele tu, lakini mjini watu wanakutazama mpaka unapokata kona.