Mwenye Karai

Likoni, Mombasa, katikati ya miaka ya 90 ilianza kunukia baada ya alasiri. Feri ikishabwaga abiria, umati ulipanda mteremko kwa kishindo, vibarua wa bandarini, makarani, wanafunzi, kila mmoja na njaa yake. Kule juu walipokewa na mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, bhajia, mahamri, na viazi karai: kiazi kilichochemshwa, kikachovywa kwenye unga wa dengu wenye manjano, kikazamishwa kwenye mafuta mpaka kikashika rangi. Ukikila na chatne ya ukwaju, uchovu wa kutwa ulikutoka.

Karai la karibu na kwetu lilikuwa la bibi mmoja tuliyemwita Nyanya, ingawa hatukuwa na udugu naye. Jioni akimaliza kuuza, aliyaacha mafuta yapoe, akayachuja kwa kitambaa, kisha akayatazama kwenye mwanga wa kandili. Yakiwa yamegeuka meusi, hayakurudi karaini. "Mafuta yakishachoka, na mlaji atachoka," alisema. Mtoto aliyekuja na shilingi zake kabla ya chakula cha jioni alipewa viazi viwili tu na chenji mkononi: "Nenda ukale wali kwenu kwanza." Akirudi tena, aliambiwa, "Mwambie mamako nimekurudisha mimi." Na mama zetu hawakununa. Walimshukuru.

Mkono mmoja haulei mwana, na matumbo yetu yalilelewa na mikono mingi. Nyumbani chakula kilikuwa sima kwa mchuzi wa samaki na mchicha, wali wa nazi kwa maharagwe. Kutoka Shelly Beach hadi feri tulikwenda kwa miguu, na maji yakitoka tulicheza mpira mchangani mpaka magharibi. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu uzito. Mtaa wenyewe ulikuwa umepangika hivyo.

Kisha mtaa ukabadilika, na mabadiliko yale yalikuwa na sababu. Agosti 1997 vurugu zilizuka Likoni, watu wakauawa, wengi wakakimbia makwao. Watalii waliacha kuja, hoteli za Pwani ya Kusini zikapunguza wafanyakazi. Wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu, na wake zao wakaingia barazani na makarai. Mtaani kwetu kila baada ya nyumba chache kulikuwa na jiko linawaka. Wauzaji walipokuwa wengi, bei ilishuka, na njia rahisi ya kubakisha faida ilikuwa kuyarudisha mafuta yale yale karaini, leo, kesho na keshokutwa. Siwezi kuwalaumu. Ada ya shule ililipwa kwa viazi hivyo.

Baadaye vikaja vibanda vya vioo: chipsi, soseji, kuku wa kukaanga, soda baridi. Viazi viliteremshwa kwa malori sokoni Kongowea, mafuta ya mawese yakashushwa bandarini kutoka Malaysia na Indonesia, na duka la mtaa likakupimia kiasi unachokimudu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na haukupita muda bodaboda zikajaa kila kichochoro. Mwendo tuliokuwa tukiutembea tukaanza kuulipia.

Matokeo yake yameandikwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 33, na 2022, miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 49, ilikuwa asilimia 45. Kwa wanaume wa umri huo, mwaka huo wa 2022, ilikuwa asilimia 19. Mimi siioni tofauti hiyo kuwa ya bahati mbaya. Kwetu mwanamke akinenepa huambiwa, "Mashallah, umenawiri, mume anakutunza." Akipungua huulizwa ana nini. Na nani aliyewahi kumpa msichana wa Likoni uwanja wa kukimbia?

Shangazi yangu alipopatikana na sukari alirudi kutoka kliniki na karatasi: apunguze mafuta, aache soda, atembee kila siku. Aliyemshauri alisema kweli tupu. Lakini karatasi iliandikwa kwa mtu mmoja, na sinia la kwao ni la watu wengi. Wali ulipowekwa katikati na mikono yote ikanyooka, yeye angekula nini? Kwa miezi mingi alijitahidi peke yake, akashindwa, akaitwa mlafi na watu waliomwandalia.

Kilichomsaidia ni mkaza mwanawe. Yule binti alianza kuchemsha mihogo badala ya kuikaanga, akatenga birika la chai isiyo na sukari, akapima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, na nyumba nzima ikala hivyo. Shangazi naye alitimiza sehemu yake: baada ya sala ya alfajiri alivaa raba chini ya buibui, akavuka feri kwenda kutembea ufukweni Mama Ngina na wenzake. Hakuna aliyeweza kutembea kwa niaba yake. Uamuzi ulikuwa wake, lakini ulisimama kwa sababu jikoni palikuwa na mtu aliyeuunga mkono.

Ndiyo maana nikisikia mgonjwa anaambiwa kwamba mdomo ni wake na maradhi ni yake, huuliza karai ni la nani. Mlaji ana wajibu wake na asiukwepe. Muuzaji anao pia, kama Nyanya alivyoujua bila kufundishwa na mtu. Serikali ya kaunti, inayochukua ada ya leseni kwa kibanda cha mbele ya lango la shule, inapaswa kuangalia pia mafuta yanayochemka ndani yake. Anayemlisha mtoto wa mwenzake kwa pesa amechukua dhamana ya mwili wake, na dhamana hiyo aulizwe.