Kipupwe cha Kashikishi

Nimeishi kwa samaki wa Ziwa Mweru tangu Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, upande wa Congo, na maelfu yetu tukavuka kuingia Zambia. Wenzangu wengi walipelekwa kambini. Mimi nilikuwa na shangazi Kashikishi, mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hilo, naye akanipa kazi kesho yake. Katika majira yote nilipenda kipupwe, Juni na Julai.

Ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni baridi hupenya hadi mifupani. Maji huwa na joto kuliko hewa, mvuke ukapanda juu yake, na wavuvi wanaorudi huonekana vichwa na mabega tu. Wamekesha na taa: zamani karabai, sasa taa za betri na sola. Mwanga huwakusanya dagaa, kisha wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki, na mitumbwi hulala ufukweni.

Kinachotisha ni upepo wa kusini-mashariki. Kwetu hutokea nchi kavu, hivyo ufukweni maji yanaweza kutulia huku ndani mawimbi yanapiga. Anayeupuuza husukumwa kuelekea ng'ambo, Congo. Nimewasubiri watu hadi jua la saa nne, na nimeona wake zao wakisubiri pia bila kusema neno.

Lakini kipupwe hakina mvua, na chisense ni biashara ya jua. Iliyoanikwa asubuhi yenye anga safi hukauka ikabaki na rangi ya fedha. Ikipatwa na unyevu hugeuka manjano na kunuka. Shangazi alinifundisha kwenye mkeka wake: "Mwanangu, usinunue kwa macho. Shika." Nilikamata kiganja kizima nikaminya. Nzuri huvunjika kwa mlio, mbovu hupinda. Hadi leo sipimi debe kabla ya kuminya, na wateja wangu wa Kitwe na Lubumbashi wanalijua hilo.

Wazee wa Luapula walinisimulia pia habari za mpumbu, samaki aliyepanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Nyavu za biashara ziliwazibia njia wakati huohuo wa kutaga, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Ndiyo sababu ninaitetea sheria inayofunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ingawa miezi hiyo mfuko wangu huwa mtupu. Chandarua kinachovuta vifaranga vya samaki aitwaye pale, aina ya perege, kwenye matete ya ufuko kinafanya kazi ileile iliyofanywa na nyavu zile mtoni.

Wewe unayenunua mjini, ukiletewa gunia la pale wasiozidi kidole, usilipokee hata likiwa la bei rahisi.