Samaki na Tangi Lake

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, nilidhani kazi ya kuwapima watu nimeimaliza. Kumbe bado nilikuwa sijajipima mwenyewe. Aliyenionyesha hivyo ni samaki.

Mjukuu wangu wa miaka tisa aliletewa na baba yake tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Ukizidisha utapata karibu lita 65 za maji. "Babu," akaniambia, "mimi nataka samaki mkali, anayekula wenzake." Tukaenda dukani. Akachagua oska, samaki mla nyama ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Alikuwa mdogo kama kidole gumba changu. Nikamwuliza muuzaji kama tangi litamtosha. Akajibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee. Samaki hukua kulingana na tangi lake."

Niliyakubali maneno hayo upesi mno.

Kabla ya mwezi kwisha, oska alikwisha kuwameza gapi wote tuliowatia humo. Mwezi wa nane alipita sentimita 20. Maji tuliyobadilisha leo, keshokutwa yalikuwa yamechafuka. Kila alipogeuka, mkia ulikwaruza kioo. Mwishowe akawa analala chini tu.

Ndipo nikasoma, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Oska mzima hufika sentimita 30 na zaidi, na huweza kuishi miaka kumi au kupita. Akibaki mfupi katika tangi dogo, si kwamba amelitii tangi. Amedumazwa na uchafu wake mwenyewe. Tangi hupimwa kwa samaki atakavyokuwa, tena upana wake sharti uzidi urefu wake, apate kugeuka.

Usiku ule nilimkumbuka mwanachuo mmoja wa mwaka 1993. Aliuliza maswali yaliyotushinda wakufunzi. Katika kikao nilisema, "Mwacheni, chuo kitamnyoosha." Kweli alinyooka: alinyamaza, akafaulu kwa alama za kawaida, na mimi nikajisifu kwamba ametulia.

Asubuhi mjukuu akashauri tumwachie samaki mtoni. Nikakataa. Nikamsimulia habari za sangara aliyepandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na jinsi aina nyingi za furu zilivyotoweka baadaye. Kosa la sebuleni halirekebishwi kwa kulihamishia mtoni. Tangi la kumfaa, lenye urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60, lingebeba lita 540, yaani zaidi ya nusu tani ya maji. Sakafu yangu labda ingestahimili; pensheni yangu, hasha. Tukampa bwana mmoja mwenye tangi la namna hiyo. Mjukuu alilia, na kwa siku mbili salamu yake kwangu ilikuwa ya shingo upande.

Sasa tunafuga samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wasiozidi sentimita tano, wanaokaa ndani ya makombe ya konokono. Nao ni wakali kwa kadiri yao. Hukifukuza hata kidole changu. Siku ya kuwanunua, kabla sijafungua mdomo, mjukuu alimwuliza muuzaji, "Wakiwa wazima, watafikia wapi?"

Miaka yote niliyoketi kwenye kiti cha mkuu wa chuo, swali hilo sikuliuliza hata mara moja.