Bahari Haijafika Kamuli

Wadau, ukitaka kujua kama umeelewa somo, kalifundishe Kamuli.

Fildi yangu nilifanyia huko kwetu, wilaya ya Kyerwa. Somo ni Fizikia, mada ni vyanzo vya nishati, na kimojawapo ni mawimbi ya bahari. Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona bahari.

Nikaikata kitako chupa ya maji, nikaizamisha kwenye beseni, mdomo juu. Ukiisukuma chini, maji yanapanda ndani na kufukuza hewa mdomoni. Ukiiinua, hewa inarudi. Mtambo wa Mutriku, Hispania, uliozinduliwa 2011, unafanya hivyohivyo: wimbi linasukuma hewa, hewa inazungusha turbaini 16. Uwezo wake wote haufiki kilowati 300.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Ticha, mbona kidogo hivyo? Mto wetu je?"

Mto wetu ni Kagera. Pale Kikagati na Murongo, mpakani na Uganda, kuna mtambo wa megawati 14, nchi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya Mutriku. Rusumo ni megawati 80, za Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto unashuka njia moja usiku na mchana. Wimbi linakwenda na kurudi, na siku ya dhoruba linaweza kuvunja mtambo wenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Yule binti akasimama tena: "Sasa kama mto ni wetu, mbona mimi nasomea tochi?"

Darasa likacheka, yeye hakucheka. Kitabu hakina jibu hilo. Kuzalisha umeme ni hatua moja. Bado kuna transfoma, nguzo, na pesa ya kuvuta waya hadi ndani. Kwa bibi yangu pia nguzo imepita jirani tu, ila ndani ni taa ya sola. Nikawachorea njia nzima ubaoni, toka turbaini hadi kwenye balbu, tukajadili kila kaya imekwamia wapi. Kiukweli, hicho ndicho kipindi walichokiuliza maswali mengi kuliko vyote.

Wenzangu wengi wanaomba wapangiwe mjini, na siwalaumu. Mimi nitaomba Kyerwa. Bumu likitoka natafuta dainamo ya baiskeli iliyotumika. Kuna kijito nyuma ya shule, na yule binti bado yuko kidato cha pili.