Gari Inalia, Usikimbilie Kununua

Kariakoo ukisema "gari inalia", utauziwa kitu. Kuanzia Mtaa wa Shaurimoyo hadi Gerezani spea zimepangwa mpaka nje ya maduka, na kila mlio una kifaa chake tayari: huu beringi, huu shokapu, huu pampu. Naandika haya kwa sababu wengi wetu hapa chuoni tunasomeshwa na chombo cha mtu: gari la mzazi, bajaji ya kaka, bodaboda ya mjomba. Chombo kikilala, na sisi tunalala.

Kwetu ni Carina Ti ya baba mdogo. Ni teksi. Anabeba wafanyabiashara wa mikoani waliokuja kufunga mzigo na kuwapeleka Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Mkopo wangu haufuniki ada yote, kinachopungua anajazia yeye. Wiki tatu kabla ya UE gari likaanza kulia kila akikata kona, na Kariakoo ni kona tupu: unatoka Kongo unaingia Mchikichi, unakwepa mkokoteni, unakata Sikukuu. "Wuuuuu!" Abiria wanatazamana, na usukani unakuwa mzito.

Fundi wa kwanza alisikiliza hata boneti halijafunguliwa. "Pampu ya steringi imekufa. Ya mtumba laki na themanini, ufundi elfu thelathini." Laki mbili na kumi. Kiasi cha ada nilichokuwa nadaiwa hakikupishana sana na hapo, na ada isipokamilika mtihani hufanyi.

"Baba mdogo, leo tusinunue," nikamwambia. "Tumtafute mtu atuangalizie kwanza."

Tukampata mzee mmoja Gerezani. Tukapatana elfu kumi ya kuangalia tu, hata kama hatatengeneza. Akacheka: "Leo nimepata mteja anayelipia masikio." Aliposikia nasomea ualimu akaanza kuniita mwalimu, na kila hatua akawa ananieleza.

Kwanza alitenganisha milio. Beringi ya gurudumu inanguruma gari likitembea, na mngurumo unapanda na mwendo. Viungio vya ekseli vinagonga "ta-ta-ta" ukikata kona. Mkanda uliolegea unapiga kelele kali, "chiii", hasa ukiuzungusha usukani mpaka mwisho. Pampu ya steringi yenyewe inalia hata gari likiwa limesimama, mradi injini inawaka na unazungusha usukani. Ukikanyaga mafuta, inapanda sauti. Akaniambia, "Ingia, mwalimu, zungusha." Gari halikusogea hata hatua moja, lakini likalia.

"Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa sahihi?" baba mdogo akauliza.

"Sahihi kwamba pampu ndiyo inayolia. Sasa tuulize imefanywa nini."

Kwenye steringi ya oili, injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, nayo inasukuma oili kwa nguvu kwenda kusaidia mikono yako kugeuza magurudumu. Chrysler ndiyo iliyoanza kuuza magari ya watu binafsi yenye msaada huo, mwaka 1951. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Hewa ikichanganyika na oili panatokea povu, na povu halisukumiki vizuri. Hapo ndipo pampu inapolia na usukani unapokuwa mzito.

Mzee akafungua kopo la oili. Ilikuwa chini ya mstari, na juu yake povu kama la chai ya maziwa. Lakini chini ya gari palikuwa pakavu, wala baba mdogo hajawahi kuona tone pale anapoegesha. Mzee akashika mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Ulikuwa mgumu, umepasuka mdomoni, na klipu yake imelegea. Upande ule oili haisukumwi, inavutwa. Ufa wake unaweza kutoa unyevunyevu tu unaokaushwa na joto la injini, huku ukinyonya hewa siku nzima.

Mpira mpya elfu nane, klipu mbili elfu mbili, lita ya ATF elfu kumi na tano, ufundi elfu ishirini. Ukijumlisha na ile kumi ya masikio, elfu hamsini na tano. Aina ya oili hatukubahatisha, imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Usithubutu kuweka oili ya breki, inaharibu sili.

Baada ya kufunga, akanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki. Injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, huku yeye akiongeza oili. Kisha tukawasha tukarudia, bila kuubana usukani mwishoni, mpaka mapovu yakaisha. Ukimya ukarudi.

Yule fundi wa kwanza simwiti mwizi. Analipwa kwa kubadilisha kifaa. Kusikiliza hakuna anayemlipia. Mwezi ujao naenda BTP, na najua darasani kutakuwa na mtoto anayepiga kelele kila nikigusa sehemu. Nitaambiwa huyo ndiye mbovu, mtoe nje. Nataka niwe na subira ya kuuliza kwanza anavuta hewa wapi.

Kama kwenu gari linalia hivyo, fungueni kopo leo mtazame kiwango na povu. Msichelewe, kwa sababu pampu inayofanya kazi bila oili ya kutosha mwishowe hufa kweli. Na mkute kwanza kama kopo lipo: IST na magari mengi mapya yanatumia steringi ya umeme, haina oili kabisa. Ukiambiwa pampu ya oili ya IST yako imekufa, badilisha fundi.