Rweya si Pori

Ndugu msomaji, siku utakapopata safari ya kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba, omba kiti cha dirishani. Barabara inapita Rwamishenye, Kemondo na Muhutwe, na njiani utaona mambo mawili yakipokezana: kwanza migomba, kisha majani matupu, tena migomba, tena majani. Mgeni huipenda migomba. Akifika penye majani husinzia, au humwuliza jirani yake, "Mbona nchi nzuri namna hii imeachwa pori?"

Basi mwambie si pori. Wahaya huiita rweya, na bila rweya hiyo migomba aliyoisifu isingalikuwapo.

Tazama kwanza kibanja. Nyumba imo katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni maharage. Makaburi ya wazee yamo humo humo. Mtu akiuona udongo ule mweusi hudhani kuwa ndivyo nchi ilivyoumbwa. Sivyo hata kidogo. Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba na kuizamisha chini isikofikiwa na mizizi. Toka kibanjani, nenda hatua chache rweyani, upige jembe: utakuta udongo hafifu, ambao mgomba ukipandwa peke yake hudumaa. Udongo wa kibanja ulitengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi walikata majani ya rweya, wakayafunga mizigo, wakayatwika vichwani na kuyatandaza chini ya migomba. Ng'ombe nao walilishwa rweyani mchana, na usiku wakaiacha samadi nyumbani. Kwa njia hiyo rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa kidogo kidogo mahali padogo.

Sotoka ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na tangu hapo nyumba nyingi hazikupata tena samadi ya kutosha. Kwa nyumba isiyo na ng'ombe, mzigo wa majani ndio uliobaki kuwa mbolea. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini rweya ya jirani ni mali, ijapokuwa haina uzio wala nyumba.

Tena kuna kazi nyingine. Akina mama walilima humo misiri, yaani vishamba vya muda, wakapanda njugu mawe, kisha wakaiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa. Majani yake yaliezeka nyumba za msonge. Na senene je? Nani katika Kagera atakayeisahau rweya wakati wa senene! Lakini nikianza habari ya senene nafasi itakwisha.

Sasa watu wameongezeka. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta katika Mkoa wa Kagera watu 2,458,023. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 2,989,299. Zaidi ya nusu milioni kwa miaka 10. Watu hao hawana budi kulala mahali na kula kitu. Mji wa Bukoba, ulioanzishwa kando ya ziwa mwaka 1890, umekwisha kupanda vilima vinavyouzunguka, na vibanja vilivyokuwa pembeni vinakatwa kuwa viwanja. Huko vijijini baba mwenye wana wanne hugawa kibanja mara nne, na wajukuu nao wanangoja. Rweya nayo inapimwa vipande: huyu anapanda mikaratusi, yule misonobari, mwingine anaweka mawe ya mpaka na kungoja bei ipande.

Wako wanaosema kuwa lawama ni ya kuvunjwa kwa mila, kwa kuwa zamani ukoo uliweza kuzuia kibanja kisiuzwe kwa mgeni. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya katika shauri lililotoka Muleba, iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawasawa na mwanamume. Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki. Wanaume waliuza kabla yake, na wanauza hata leo. Haifai kuwatwika binti zetu lawama hiyo.

Mwingine atasema, "Je, si afadhali nyumba ijengwe rweyani kuliko kukata migomba?" Neno hili lina uzito, wala sitalikwepa. Nyumba kumi mahali pamoja, kando ya barabara, juu ya udongo hafifu, hazidhuru sana. Mikaratusi nayo inatupa kuni na nguzo tunazozihitaji. Hasara inakuja pale rweya yote ya kijiji inapokwisha bila mtu kuamua kwamba iishe. Mama aliyekuwa akikata majani bure anaambiwa kuna mwenye shamba. Asipoyanunua, kibanja chake kinabaki kitupu juani. Baada ya miaka michache mikungu inakuwa midogo, na watoto wanakula ndizi za kununua. Hata mnyauko, ulioonekana Muleba mwaka 2006 na kung'olesha migomba mingi, haukuwa na hila ya polepole kama hiyo. Ugonjwa ule watu waliuona.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote: halmashauri ya kijiji inapendekeza, na mkutano mkuu wa kijiji unakubali au kukataa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, inaongeza njia ya kuchora ramani yenyewe: hapa nyumba, hapa miti, hapa majani na malisho. Ndani ya mipaka ya mji mambo ni mengine, kwa maana huko ramani ni ya mipango miji. Ndiyo sababu vijiji vilivyo jirani na Bukoba na Muleba mjini havina muda mrefu wa kungoja.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanywa kila baada ya miezi 3. Utakapoitwa safari hii, nenda, na zamu ya maswali ikifika uulize rweya ya kijiji imeandikwa wapi, na mpaka wake unapita wapi.