Kwa Bibi wa San Francisco

Wenzangu wakisafiri kwenda Marekani huagizwa viatu na simu. Mimi, Oktoba 2023, ndiye niliyeacha maagizo. Nilimwandikia kijana wa jirani karatasi nzima: maji yasibadilishwe yote kwa mpigo, ndoo mbili tu kila baada ya siku moja, maji ya mfereji yalale usiku kucha kwenye pipa kabla ya kumiminwa, tangi lisijazwe hadi ukingoni, maana kamongo asiyepata nafasi ya kuvuta hewa juu ya maji hufa maji kama mtu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye kona ya tangi la saruji nyuma ya nyumba, Kisumu, jicho moja limeingia utando mweupe. Alikuwa na siku kumi na moja hajatia kitu kinywani.

Nilimwokota mwaka 2004 kwenye mtaro wa mashamba ya mpunga, Ahero, akiwa na urefu wa kalamu. Wavuvi walinicheka. Kamongo ni wa kupika, walisema, hafugwi. Leo anapita urefu wa mkono wangu, na daktari wa mifugo niliyemwita aliingia uani akauliza ng'ombe mgonjwa yuko wapi. Nilipomwonyesha tangi alifunga mkoba wake polepole, kama mtu anayetafuta neno la heshima.

Tiketi nilikatiwa na mpwa wangu anayeishi Oakland, ili nikamwone mtoto wake wa kwanza. Nilikwenda kumwona mtoto, naapa. Ila mfukoni nilikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

Ndege sina la kusema juu yake, nililala. Lililonitoa jasho ni treni ya kutoka Oakland, inayopita chini ya ghuba kabisa, abiria wanasoma simu zao kana kwamba hawana bahari kichwani. "Mjomba, pumua," mpwa aliniambia. Tukatokea San Francisco kwenye baridi na ukungu, tukapanda basi hadi bustani ya Golden Gate, mbele ya jengo lenye paa lililoota majani. Ndani yake mna Steinhart Aquarium, nyumba ya samaki iliyofunguliwa mwaka 1923. Mpwa alitaka kunionyesha papa. Nikamwambia papa tunao Mombasa.

Nilimkuta ametulia chini, rangi ya tope la mto, magamba mapana kama sarafu za zamani. Methuselah. Ni kamongo wa Australia, ana mita 1.2 na kilo kama 18. Aliteremshwa hapa na meli ya kampuni ya Matson Novemba 1938, pamoja na samaki wengine 231 kutoka Fiji na Australia. Wote wengine wamekwisha, amebaki yeye. Mwezi mmoja tu kabla sijafika, matokeo ya uchunguzi wa DNA kutoka kipande kidogo cha pezi lake yalikuwa yametangazwa: umri wake ulikuwa kama miaka 92, na huenda ulifika 101. Inadhaniwa ni jike, ila kuhakikisha kunataka kumtoa damu, na kumchoma sindano mkongwe huyu ni hatari isiyo na faida. Kiingereza kinawalazimisha kuchagua. Sisi tunasema "yeye" na maisha yanaendelea.

Niliuliza habari za chakula kabla ya salamu kwisha. Mzee mmoja wa kujitolea, koti lake la buluu limejaa beji, alifurahi kuulizwa. Bibi hupenda tini. Mbichi, za msimu. Zilizogandishwa kwenye friji hazigusi. Hupenda pia kukunwa mgongo na tumbo, na walezi hufundishwa wamchukulie kama mtoto wa mbwa anayeishi majini. Mpwa alipokuwa akinitafsiria sehemu hiyo sauti ilimpotea kwa kicheko. Mimi sikucheka. Miaka kumi na tisa nimemlisha mtu wangu vipande vya sato, sikuwahi kujiuliza kama anapenda nini.

Nikauliza la pili, lile lililonileta: anapoacha kula je? Mzee akanitajia Granddad, kamongo mwingine wa Australia, aliyefika Shedd Aquarium ya Chicago mwaka 1933. Februari 2017, alipokuwa ameacha kula na viungo vya ndani vimeanza kushindwa, walezi wake waliamua kumpumzisha. Mzee alilisema hilo akitazama kioo, na mimi nikatazama kioo. Tulikaa hapo hadi mpwa akaanza kuangalia saa.

Si kwamba dawa ya mmoja inamfaa mwingine. Wa Australia ana pafu moja na hutegemea zaidi matamvua, hewa ya juu kwake ni akiba. Wetu wa Afrika ana mapafu mawili, na bila hewa ya juu hana maisha; ndiyo maana ziwa likikauka anajizika topeni ndani ya kifukofuko akingoja mvua. Tena wetu anang'ata. Kila mtu wa ziwani anamjua mtu aliyepungukiwa na kidole.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Kijana wa jirani alikuwa ameandika kila kitu: alipanda kuvuta hewa, akashuka, hajala. Tini sikupata sokoni. Nikajaribu papai, akalitema kwa dharau niliyoistahili. Siku ya pili nilikwenda ukingoni mwa ziwa na ndoo, nikaokota konokono, nikawapasua magamba kwa jiwe na kuwashusha mmoja mmoja upande wa jicho zima. Hakugusa. Basi nikachukua mwiko, nikaufikisha chini ya tumbo lake, nikaanza kumkuna taratibu huku nikiona haya, nikitazama kama kuna mtu ukutani.

Aligeuka akaung'ata. Akauvuta kwa nguvu ambazo sikuzitegemea, akauachia, akamchukua konokono aliyekuwa kando.

Alama za meno zipo. Mwiko nimeurudisha jikoni, na mke wangu hajaambiwa.